Jinsi ya Kusoma Unene na Wembamba wa Ukoo Wako

Mimi ni fundi wa nguo hapa Malindi, upande wa mji wa kale. Kazi nimeirithi kwa marehemu mama, pamoja na cherehani yake na madaftari yake ya vipimo. Zipo nyumba ambazo nina vipimo vyao vya vizazi vitatu, bibi, binti na mjukuu: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Nimeyasoma madaftari hayo mpaka yakanifunza jambo ninalotaka na wewe ulione katika ukoo wako. Mwili wa mtu huonyesha bei ya chakula ya zama zake, na huonyesha nani alifanya kazi na nani alifanyiwa. Sisi tunapenda kuusoma kama tabia. Tukimwona mnene tunasema mvivu, au tunasema ana raha. Mwembamba tunasema ana dhiki, au roho mbaya. Hukumu hizi zinawaumiza watu ninaowapima kila siku, na zinaficha historia ambayo ni haki yetu kuijua.

Utahitaji karatasi kubwa, kalamu, tepu ya kupimia, na wazee walio tayari kuzungumza. Karatasi igawe kwa vizazi, juu kabisa waweke wale unaowajua kwa majina tu. Mbele ya kila jina acha nafasi ya mambo matano: kazi yake, alichokula siku ya kawaida, nani alimtwangia na kumtekea maji, mwili wake ulivyokuwa, na maradhi yaliyomuua. Usijaze kwa kukisia. Ukiacha wazi, mzee mwingine huenda akaja kukujazia. Ukibuni, hakuna atakayekusahihisha.

Anza na sanduku la nguo

Watu wengi huanza na picha. Mimi nasema anza na nguo, kwa sababu nguo haikushonwa ili kumvutia anayeichunguza miaka 50 baadaye. Tafuta gauni, kanzu, koti la harusi, sare ya shule. Igeuze ndani nje, kaa nayo penye mwanga, kisha fuata kwa kidole mshono wa ubavuni kutoka kwapani hadi kiunoni. Mafundi wa zamani waliacha akiba ya kitambaa ndani, inchi nzima au zaidi kila upande, kwa kuwa nguo ilitarajiwa kuvaliwa miaka mingi na mwili ulitarajiwa kubadilika.

Tafuta safu ya vitundu vidogo vya sindano vinavyokwenda sambamba na mshono wa sasa. Hapo ndipo mshono wa kwanza ulipopita. Kama nguo ilipanuliwa, vitundu viko upande unaoonekana nje, na kati ya vitundu na mshono mpya pana ukanda wenye rangi kali kuliko nguo yote, kwa sababu ulikaa ndani muda mrefu bila jua wala sabuni ya mche. Kama nguo ilibanwa, vitundu vimejificha ndani, na ukanda ulio kati yake na mshono umepauka kama nguo nyingine. Pima upana wa ukanda huo, zidisha kwa nne, maana nguo ina mishono miwili ya ubavu na kila mshono ni vipande viwili. Ukanda wa nusu inchi ni inchi mbili za kiuno. Andika.

Ninalo gauni la hariri la bibi mmoja wa mtaa wetu, ambalo wajukuu wake walinipa nilihifadhi. Lilipanuliwa mara tatu, na kila safu ya vitundu bado ina vijinyuzi vya rangi yake: cheupe, kijani, kisha cheusi. Mumewe alikuwa na duka la nafaka. Mama alinisimulia kwamba kila alipokuja kupanuliwa gauni, bibi huyo alikuja mchana, mbele za watu, na sahani ya halua ya kugawa pale kibandani. Kuongezewa kiuno lilikuwa jambo la kutangaza. Lilisema duka linauza, mume anatunza, na mwenye gauni hatwangi wala hateki maji.

Sare ya shule isome kwa pindo la chini. Mtoto anapokua pindo hushushwa, na kila likishushwa hubaki mstari uliofifia. Sare iliyovaliwa mpaka ikachanika na pindo lake halijawahi kushushwa ni ya kuulizia. Huenda mtoto alirithishwa ikiwa kubwa. Huenda pia hakurefuka. Kwenye karatasi yako usichanganye urefu na unene, kwa sababu kila kimoja kina wakati wake. Unene unaweza kuja na kuondoka katika miaka michache. Urefu huamuliwa zaidi utotoni, na njaa ya miaka ile ya kwanza hudumu na mtu mpaka kaburini.

Wanahistoria wa uchumi wameitumia njia hii kwa vitabu vya jeshi na vya mabaharia. Mwanzoni mwa karne ya 19, wavulana maskini wa London waliochukuliwa na shirika la hisani la Marine Society kupelekwa baharini walikuwa wafupi kwa zaidi ya sentimita 10 kuliko wana wa matajiri wa umri wao waliosoma chuo cha kijeshi cha Sandhurst. Walikuwa watoto wa nchi moja, wa lugha moja, na bado ungeweza kuwatenganisha kwa tepu. Wala hatuna haja ya kwenda London. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 37 ya watoto walio chini ya miaka mitano katika Kaunti ya Kilifi, kaunti yetu hii yenye hoteli za ufukweni, wamedumaa. Kwa Kenya nzima ni asilimia 18. Nikishona sare za watoto wa huku Malindi, hiyo 37 naiona kwenye urefu wa sketi.

Picha, na koti la kuazima

Studio za picha za zamani ziliweka koti, tai, hata saa za kumwazima mteja. Kwa hiyo usiamini picha kabla ya kuangalia mabega. Mshono wa bega ukianguka chini ya bega lenyewe, au mkono wa koti ukifunika kiganja, koti si lake. Vifungo vikivuta na kitambaa kikifanya mikunjo ya kukingama tumboni, hapo una mtu aliyenenepa baada ya kushonewa, na nguo ni yake.

Angalia pia nani ameketi na nani amesimama nyuma, nani ana viatu, nani amefunikwa kichwa. Pwani hii, karne ya 19, mtumwa mwanamke alijifunga kipande cha merekani, au kaniki, ambayo ni merekani iliyotiwa rangi ya nili. Nguo nyingi, na mwili uliojaa ndani yake, vilikwenda pamoja. Mpaka leo sifa zetu zimebaki hukohuko. Tukikutana na mtu baada ya muda twamwambia umenawiri, umejaa, na anashukuru.

Halikuwa jambo la pwani peke yake. Mwaka 1903 wanaume wa New England huko Marekani walianzisha chama cha wanene katika kijiji cha Wells River, Vermont. Sharti la kuingia lilikuwa uzito wa ratili 200, kama kilo 90. Walikutana, wakala sana, wakapanda kwenye mizani kwa fahari. Kufikia miaka ya 1920 chama kilikuwa kimefifia. Kwa hiyo usimcheke babu kwenye picha aliyeweka mikono juu ya kitambi. Alikuwa akikuonyesha akaunti yake ya benki.

Kuwauliza wazee

Hapa pana kazi, na ndipo watu wengi wanapoharibu. Usimwendee bibi yako na swali la "mlikuwa maskini?" au "wewe ulikuwa mnene?". Shikamoo yako itoe vizuri, kaa chini, mpe habari za nyumbani, halafu uliza kuhusu chakula. "Bibi, mlikuwa mkila nini miezi ya kiangazi, kabla mvua ya masika?" Swali hilo lina majibu. Atakwambia uji wa mtama bila sukari, muhogo wa kuchemsha, papa mkavu kidogo wa kutowelea. Kisha uliza nani alipewa chakula kwanza na nani alikula kilichobaki sufuriani. Ukosefu wa usawa hauanzi baina ya matajiri na maskini wa mji. Huanza kwenye sinia. Wanaume waliokula upenuni na wanawake waliokula jikoni hawakupata samaki uleule.

Uliza kazi za nyumba. Kutwanga kwa mchi na kinu, kuteka maji kisimani, kukuna nazi, kutafuta kuni. Mwanamke aliyefanya yote hayo na kulima juu yake hakunenepa hata mwaka wa mavuno mazuri. Yule aliyefanyiwa alinenepa. Kwa kila mzee mnene kwenye karatasi yako, tafuta jina la mtu aliyemtwangia, hata kama hakuwa wa ukoo. Likipatikana, liandike palepale kwenye mstari wake.

Tarehe zipate kwa matukio, maana wazee wetu wengi hawakuhesabu miaka. Mvua za El Nino ni 1997 na 1998. Ukame wa mahindi ya njano ya msaada ni 1984. Uhuru ni 1963. Wagiriama watakutajia njaa kwa majina waliyosimuliwa: Mwakisenge ya miaka ya 1880, na Magunia ya mwishoni mwa miaka ya 1890.

Vipimo uvipate kwa pishi na kibaba. Pishi ni vibaba vinne, na kwa nafaka ni karibu kilo 2 na robo tatu. Mzee akikwambia mshahara wa wiki ulinunua pishi tatu za mahindi, hiyo ni hesabu kamili, na baadaye tutaitumia.

Kuna mwandishi msafiri mmoja aliyeuliza mambo haya vibaya, na inafaa umjue. Mwezi Novemba 1861 John Hanning Speke alifika Karagwe, magharibi ya Ziwa Viktoria, kwa mfalme Rumanika. Wanawake wa jamaa ya mfalme walinenepeshwa kwa maziwa hata wengine wasiweze kusimama sawasawa. Speke akatoa tepu yake akampima mmoja: mkono inchi 23, kifua inchi 52, paja inchi 31. Pembeni alikuwa bintiye akinyweshwa maziwa, na baba yake ameshika fimbo. Nimepima maelfu ya watu, na nasema hivi kama fundi: vipimo vyake ni sahihi na maswali yake ni machache mno. Hakuuliza maziwa yale yalitoka kwa ng'ombe wangapi, nani aliwachunga, nani alikunywa kidogo ili mmoja anywe hivyo. Mwili wa mke wa mkubwa ulikuwa ghala la nchi, na yule binti alikuwa akijazwa kwa ajili ya heshima ya wengine. Wewe uliza aliyoacha Speke.

Nafaka ya Malindi ilimnenepesha nani

Bila sehemu hii karatasi yako haitaeleweka kama ukoo wenu ni wa huku, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Pwani yetu imesifiwa kwa shibe tangu zamani. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipita Mogadishu akiwa njiani kuja Mombasa na Kilwa, akaandika kwamba mtu mmoja wa pale anakula kama kundi zima la wenzake Ibn Battuta, na kwamba miili yao ni mikubwa na minene mno. Akataja wali uliopikwa kwa samli, vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Ukisoma hivyo utadhani mji mzima ulishiba. Lakini yeye alikuwa mgeni wa sheikh na wa kadhi. Aliandika habari za sinia aliloketishwa.

Malindi yetu ilivyo sasa ilifufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1860, wakati wa Sultani Majid wa Zanzibar. Ardhi nzuri ya nyuma ya mji ikafyekwa, watumwa wakaletwa kwa wingi, kila mmoja akapewa ngwe yake ya kulima kwa siku. Mtama na ufuta vikapakiwa majahazini kwenda Arabuni. Mji ukawa ghala la nafaka la pwani nzima. Wenye mashamba walikaa barazani. Waliolima walikula mtama uleule, kwa kipimo alichoamua mwingine. Njaa ya Mwakisenge ilipoingia bara, Wamijikenda wengi walilazimika kuweka watoto wao rehani katika miji ya pwani ili wapate nafaka ya kuwaokoa waliobaki nyumbani. Hapohapo mjini kulikuwa na watu wanaoongezewa kiuno cha kanzu.

Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Kufikia hapo Wagiriama walikuwa wamevuka mto Sabaki, wanalima nafaka ya kutosha kula na kuuza Malindi. Kisha serikali ya kikoloni ikataka vibarua na kodi. Mekatilili wa Menza akawaongoza watu kukataa, na mwaka 1914 majeshi yakachoma nyumba, yakatoza faini, yakawafukuza watu kutoka ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, ardhi bora waliyokuwa nayo. Waliokuwa wakiuza nafaka wakawa wa kuombea nafaka. Wazee wa Kigiriama wakikwambia mababu zao walikuwa watu wa miraba minne na kizazi kilichofuata kikasinyaa, usidhani ni majigambo. Angalia tarehe.

Katika mtaa mmoja wa Malindi leo wanaishi wajukuu wa wenye mashamba, wa watumwa na wa waliofukuzwa Sabaki, na wengi wamechanganyika damu. Kwa hiyo swali la "nyinyi mlikuwa watumwa?" usilitoe mdomoni. Uliza babu alilima shamba la nani, na mavuno yaligawiwa vipi. Mwenye kutaka kusema atasema. Asiyetaka muache, na usiulizie kwa jirani yake.

Hesabu ya shilingi na kalori

Sasa twende jikoni kwa zama zetu. Chukua mshahara wa kibarua wa siku na bei za duka lako. Mimi nitaweka mfano, wewe weka bei za kwenu. Tuseme siku ya kazi ni shilingi 500, unga wa sembe ni shilingi 80 kwa kilo, sukari 170 kwa kilo, mafuta ya kupikia 300 kwa lita, samaki 400 kwa kilo. Kilo ya unga ina kalori kama 3,600, ya sukari karibu 3,900, lita ya mafuta zaidi ya 8,000. Kilo ya samaki ni kama 1,000, na ya mchicha haifiki 300.

Gawanya. Shilingi moja inanunua kalori 45 za unga, kama 27 za mafuta, 23 za sukari, na mbili na nusu tu za samaki. Mama mwenye shilingi 200 na watoto watano atanunua nini? Atanunua unga, mafuta na sukari, na atakuwa amepiga hesabu yake vizuri kabisa. Mahamri na chai ya sukari ndiyo shibe ya bei nafuu kuliko zote mjini. Inajaza tumbo, inaweka mafuta mwilini, na inamwacha mtoto bila protini na madini ya kumrefusha. Ndiyo maana katika nyumba moja unaweza kumkuta mama mnene na mtoto aliyedumaa. Watu hushangaa, na wengine hunong'ona kwamba mama anakula chakula cha mtoto. Wanakula chakula kimoja.

Linganisha na zile pishi tatu za wiki za babu. Kilo nane na robo za nafaka kwa wiki, wakati kibarua wa mfano wangu akifanya siku sita anaweza kununua zaidi ya kilo 37 za unga uliokwisha kusagwa. Chakula cha kujaza tumbo kimekuwa rahisi, mashine imechukua kazi ya mchi, bodaboda imechukua mwendo wa mguu. Samaki, matunda na muda wa kupumzika ndivyo vimebaki ghali. Sukari nayo ina safari yake. Mnamo mwaka 1700 Mwingereza wa kawaida alipata kama kilo mbili kwa mwaka mzima, na kufikia 1800 ni kama kilo nane, iliyolimwa na Waafrika watumwa katika visiwa vya Karibi. Ilikuwa anasa ya wakubwa, ikaishia kuwa chakula cha mfanyakazi wa kiwanda asiye na muda wa kupika.

Ndipo mambo yakageuka. Mwaka 1989 Jeffery Sobal na Albert Stunkard walipitia tafiti 144 za nchi mbalimbali. Katika nchi maskini, wenye nacho ndio waliokuwa wanene. Katika nchi tajiri, hasa kwa wanawake, walikuwa ni wale wa chini. Kenya tuko njiani. Utafiti ule wa 2022 unaonyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi, na nyumba zenye pato kubwa bado zinaongoza. Lakini madaftari ya kibandani kwangu yananionyesha wauza viazi vya karai na wapishi wa nyumba za watu wakiongezewa kiuno, na mke wa mwenye hoteli akija na kiuno cha inchi 28 akitaka nguo ibane. Yeye ana muda wa kutembea ufukweni asubuhi na pesa ya kununua samaki aina ya changu kila siku. Wembamba umeanza kuwa wa kununuliwa, kama unene ulivyokuwa.

Ukishaona hesabu hii, neno "mvivu" litakukwama kooni. Robert Fogel, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1993, alikadiria kwamba mwishoni mwa karne ya 18 huko Ufaransa sehemu ya kumi ya chini ya watu wa umri wa kufanya kazi hawakupata chakula cha kuwapa nguvu ya kazi ya kila siku. Walioitwa wazembe walikuwa na njaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na siku hizi hamjui hata aliyenenepeshwa na chakula cha njaa.

Kulizungumza nyumbani

Karatasi ikishajaa usiibandike ukutani wageni waisome. Waite wahusika, waoneshe kila mmoja mstari wake kwanza peke yake. Mama mwenye kisukari akiona kwamba kiuno chake na cha dada zake kilibadilika miaka ileile waliyoacha kulima wakahamia mjini, hujilaumu kidogo na husikiliza zaidi. Nimeliona hili kibandani kwangu mara nyingi.

Usimwambie mzee apunguze mwili bila kukumbuka wembamba ulimaanisha nini kwake. Miaka ya 1980 na 1990, ukimwi ulipoingia mijini mwetu, mtu akikonda alizungumzwa mpaka msibani. Wateja wa mama walikuwa wakimsihi asiwabanie nguo hata zikining'inia, watu wasione. Aliyepita hapo hawezi kusikia "pungua" kama neno la heri. Na mzazi wa siku arubaini akipikiwa supu ya kuku na uji wa pilipili manga ili ajae, anatunzwa na watu wanaokumbuka njaa. Anza na sukari ya chai na mafuta ya sufuria, na ukubwa wa mwili wake usiutaje kabisa.

Tepu ya kiuno na safari ya kliniki

Mwisho jipime mwenyewe. Kiuno cha fundi si kiuno cha daktari. Mimi napima pale sketi inapokaa. Kwa afya, tafuta kwa vidole ubavu wa mwisho chini, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, weka tepu katikati ya hapo, juu ya ngozi, isibane, na usome baada ya kutoa pumzi. Shirika la Afya Duniani linahesabu hatari kuanza kupanda kwa mwanamke akivuka sentimita 80, na kupanda sana akivuka 88, karibu inchi 35. Kwa mwanamume ni 94 na 102, yaani inchi 37 na 40. Hesabu ile nyingine ya kugawa uzito kwa urefu mara urefu ilitokana na Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, miaka ya 1830, aliyekuwa akitafuta mwili wa wastani wa umma. Inafaa kwa takwimu za watu wengi, ila haikwambii mafuta yako yamekaa wapi. Tepu ya kiuno inasogea karibu zaidi na jibu hilo.

Ukienda kliniki nenda na karatasi. Mwambie daktari ni nani katika ukoo walikuwa na sukari au presha, na ni nani walibebwa mimba mwaka wa njaa. Hilo la mwisho si hadithi tu. Uholanzi ilipozuiliwa chakula na jeshi la Ujerumani majira ya baridi ya 1944 na 1945, watoto wa kiume ambao mama zao walikaa na njaa nusu ya kwanza ya mimba walionekana, walipopimwa kwa ajili ya jeshi wakiwa na miaka 19, kuwa na unene wa kupindukia zaidi ya wenzao. Waliolinganishwa walikuwa vijana 300,000. Kwa hiyo mwaka wa mahindi ya njano una haki ya kutajwa mbele ya daktari pamoja na dawa unazomeza.

Omba upimwe sukari asubuhi kabla hujatia kitu mdomoni. Ikifika 7.0 kwa kipimo cha mmol/L na ikarudia siku nyingine, hicho ni kisukari na kina tiba. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti, hiyo pia ianzishiwe matibabu. Kiuno kipime tena baada ya miezi mitatu, asubuhi, tumbo tupu, kwa tepu ileile. Kabla ya kuitumia ilaze tepu kando ya rula ya mbao au chuma, maana zile za kitambaa hurefuka zikizeeka, na nusu inchi ya tepu mbovu itakufanya udhani umepungua.